Uchifu wa Tanganyika chini ya Waingereza: mila ya mababu au idara ya Serikali?

Tuamoyo (mtoa mada)

Wanabodi, salaam.

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipopewa jina la Chifu Hangaya huko Mwanza mwaka 2021, mjadala wa kuwarudishia machifu heshima yao umekuwa ukiibuka kila mara, na karibu kila anayechangia huanza na dhana kwamba machifu waliofutwa mwaka 1963 walikuwa watawala wale wale wa kale, waliopokezana viti tangu enzi za mababu hadi Mwalimu Nyerere alipowaondoa. Naomba tuipime dhana hiyo. Hoja yangu ni kwamba cheo kilichofutwa mwaka 1963 kilikuwa, kwa sehemu kubwa, cheo kilichoundwa katika miaka michache tu baada ya 1925. Jina lake lilikuwa la mila, lakini mamlaka yake, mshahara wake na mipaka ya nchi yake vilitoka katika ofisi ya Bwana Shauri, yaani ofisa Mwingereza wa wilaya.

Wajerumani hawakuwa na mfumo mmoja wa kuwatawala wenyeji. Unyamwezi, Buhaya na Kilimanjaro waliwatumia watawala waliowakuta, wakimwinua huyu na kumnyonga yule. Katika maeneo ya pwani na bara yake waliweka maakida, ambao wengi wao walikuwa watu wa pwani wanaojua kusoma na kuandika, na chini yao majumbe. Akida alikuwa mgeni mahali alipotawala. Alikusanya kodi, aliamua mashauri madogo na kusimamia kazi za lazima, na chuki dhidi yake ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waingereza walipoichukua nchi, Gavana wa kwanza, Horace Byatt, aliuacha mfumo huo uendelee kwa sehemu kubwa, kwa kuwa hakuwa na fedha wala maofisa wa kutosha kuubadili.

Mabadiliko yaliletwa na Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925 akitokea Nigeria, ambako alikuwa ofisa wa ngazi ya juu katika nchi iliyokuwa chimbuko la utawala usio wa moja kwa moja kama alivyousimika Frederick Lugard. Cameron aliamini kwamba kila Mwafrika ni wa kabila fulani, kwamba kila kabila lina mtawala wake halali, na kwamba kazi ya Serikali ni kumtafuta mtawala huyo na kumrudisha kitini. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ndiyo iliyoipa imani hiyo nguvu. Maofisa wa wilaya walitumwa kuwahoji wazee, kuchora koo na kuamua nani mkubwa na nani mdogo. Maakida walianza kuondolewa. Uhehe, Sapi, mwana wa Mkwawa, alirudishwa kitini mwaka huo huo wa 1926. Usambara, Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, walirudishiwa Vuga, makao yao makuu.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mtawala wa kale alikuwa na nguvu zenye mipaka inayojulikana. Aliishi kwa hongo (malipo ya misafara iliyopita nchini mwake), kwa ushuru wa mazao, kwa meno ya tembo, kwa nguvu kazi ya watu wake, na alitakiwa kuvirudisha kwa watu kama chakula wakati wa njaa, ng'ombe wa kuazima, au pombe ya wanaolima shamba lake. Akizidisha ukali, watu walihama. Akishindwa kuleta mvua, walimtafuta mwingine, na katika baadhi ya nchi walimfukuza kabisa. Waingereza walizifuta stahili hizo za kale na kuweka mshahara kutoka katika hazina ya wenyeji, ambayo ilijazwa kwa sehemu ya kodi ya nyumba na kodi ya kichwa pamoja na ada na faini za mahakama. Tangu siku hiyo, mtemi aliyependwa na mtemi aliyechukiwa walilipwa vile vile mwisho wa mwezi, maadamu kodi imekusanywa. Na mtu wa kumfukuza hakuwa tena mwananchi, bali Serikali.

Mahakama nazo zilifuata njia hiyo. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Mtu aliyehukumiwa na chifu alikata rufaa kwa ofisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana mwenyewe. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Tafakarini maana yake kwa mkulima wa kawaida: chifu ndiye aliyetoa amri ya kupanda mihogo, tarishi wa chifu ndiye aliyemkamata asiyepanda, chifu ndiye aliyemhukumu, faini iliingia katika hazina iliyomlipa chifu, na rufaa ilisikilizwa na ofisa yule yule aliyemwagiza chifu atoe amri. Sijaona popote katika simulizi za kabla ya ukoloni mtemi aliyekuwa na mnyororo wa namna hiyo mkononi mwake.

Palipokosekana chifu, alitengenezwa. Wamakonde hawakuwa na mtawala mmoja, hivyo huko Kusini Serikali iliishia kutumia maliwali, yaani watawala wa kuteuliwa. Waluguru waliishi kwa koo, kila ukoo na ardhi yake na mkuu wake, lakini walipewa watawala wa juu wa kutawala milima yote. Wazanaki nao walikuwa hivyo hivyo tangu kwa Wajerumani: Nyerere Burito, baba yake Mwalimu, aliwekwa na Wajerumani mwaka 1915 juu ya watu ambao kwa desturi waliongozwa na wazee wa rika na waganga wa mvua. Kwa hiyo anayesema kwamba Mwalimu alifuta kiti cha mababu zake akumbuke kwamba kiti chenyewe kilikuwa na umri wa chini ya miaka 50.

Elimu nayo ilipangwa kuulea mfumo huo. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa mwaka 1925 ikiwalenga watoto wa machifu, ili wakirudi kwao wawe watawala wanaojua kuandika ripoti na kutunza hesabu. Kule Malangali, Iringa, shule iliyofunguliwa mwaka 1928 ilikwenda mbali zaidi: wanafunzi walivishwa mavazi ya asili, na wazee waliletwa kufundisha desturi na ngoma za mikuki. Wengi walioipigia debe elimu hiyo ya mila walikuwa Wazungu. Wanafunzi walitaka Kiingereza na hesabu, kwa sababu waliona ni nani aliyekuwa akilipwa vizuri.

Naomba wanaojua habari za maeneo mengine wachangie, hasa walio na kumbukumbu za wazee.

Mwana wa Vuga

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini na nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila kuhusu Usambara naomba kuongeza jambo moja linaloufanya mjadala uwe mgumu kidogo. Ufalme wa Wakilindi haukutungwa na Waingereza. Ulikuwepo, ulikuwa na Vuga yake, ulikuwa na Simba Mwene wake, yaani mfalme, na watu waliamini kwa dhati kwamba mfalme mwenye nguvu huiponya nchi na mfalme dhaifu huiharibu. Kimweri ya Nyumbai aliitawala nchi kubwa kutoka milimani hadi karibu na bahari katikati ya karne ya 19. Kwa hiyo Waingereza walipotafuta mtawala hawakuokota mtu njiani.

Hata hivyo, tazama yaliyompata Kinyashi. Alikwisha kutawala chini ya Wajerumani na akajitoa mapema katika karne ya 20. Mwaka 1926 Waingereza walimrudisha kitini, naye mwaka 1929 akakiacha tena. Wazee wetu husimulia kwamba aliogopa uchawi wa jamaa zake, na huenda ni kweli. Lakini mimi naona pia kwamba alitakiwa kufanya kazi mbili zisizopatana. Wasambaa walimtarajia awe mwenye mvua. Ofisi ya Lushoto ilimtarajia awe karani mkuu wa kodi.

Mgongano huo ulidhihirika zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo kuanzia Mlalo, watu wakalazimishwa kulima matuta katika miteremko, na amri zikatolewa kwa jina la mfalme na mazumbe, machifu walio chini yake. Wakulima, wakiwemo wanawake ambao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kilimo cha chakula, waliona kwamba mtu anayetakiwa kuiponya nchi ndiye anayewatoza faini kwa kutochimba matuta. Mpango huo uliachwa mwaka 1957, na sifa ya ufalme ikaachwa nayo, kwani kufikia hapo Simba Mwene alikwisha kuonekana mtu wa Serikali. Kwa maneno mengine, mila ilikuwepo kweli, ila Waingereza waliitumia mpaka ikachakaa.

Tuamoyo (mtoa mada)

Ndugu Mwana wa Vuga, nashukuru sana, na naukubali ufafanuzi huo. Yaliyotokea Uluguru yanafanana na ya kwenu, isipokuwa huko hapakuwa hata na ufalme wa kuchakaa. Mpango wa matuta ulipolazimishwa katika milima ya Uluguru, watu walijikusanya mwaka 1955 huko Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu akapoteza maisha. Hasira yao iliwaangukia watawala wa wenyeji waliosimamia mpango kabla ya kumfikia Mwingereza, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa faida kubwa ya mfumo wote kwa Serikali ya kikoloni: palipotokea lawama, Mwafrika ndiye aliyekuwa mbele kuipokea.

Jirani wa Voi

Mabibi na mabwana, ruhusuni jirani achangie. Sisi Kenya tulipewa machifu wasio na hata kisingizio cha mila. Sheria ya mwaka 1902 iliipa Serikali uwezo wa kumteua mkuu wa kijiji, na ile ya mwaka 1912 ikapanua mamlaka ya machifu. Wakikuyu hawakuwa na machifu. Walikuwa na mabaraza ya wazee. Kinyanjui wa Gathirimu aliinuka kutokana na kuzitumikia safari za kampuni ya Waingereza, hatimaye akawa chifu mkuu wa Kiambu. Hakuna aliyejisumbua kuchora nasaba yake.

Lakini hapa pana kitendawili kwenu Watanzania. Ninyi, ambao machifu wenu walipambwa kwa mila, mliwafuta. Sisi, ambao machifu wetu walikuwa watumishi wa Serikali mchana kweupe, tunao mpaka leo, pamoja na manaibu wao, wakiitisha mabaraza na kuandika barua za utambulisho. Mamlaka yao yalipunguzwa katika marekebisho ya sheria ya mwaka 1997, kabla ya uchaguzi mkuu, lakini ofisi ipo. Huenda ni kwa sababu chifu wetu hakudai kuwa kitu kingine zaidi ya mkono wa Serikali, hivyo Serikali mpya haikumwona kuwa mshindani.

Msomi wa Kando

Mtoa mada, andiko lako ni zuri, lakini linaegemea upande mmoja kupita kiasi. Ukilisoma utadhani machifu wote walikuwa vibaraka waliongoja mshahara. Machifu wawili, Kidaha Makwaia wa Usiha na Abdiel Shangali wa Machame, ndio waliokuwa Waafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, baraza ambalo tangu mwaka 1926 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Utasema waliteuliwa na Gavana, nami nitakubali. Lakini mlango ulifunguliwa kupitia kwao. Patrick Kunambi, aliyekuwa katika utawala huo huo wa wenyeji wa Uluguru unaoulaumu, alikuwa miongoni mwa walioiasisi TANU mwaka 1954. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, aliketi katika baraza la mawaziri la kwanza la nchi huru kama Waziri wa Sheria.

Zaidi ya hayo, wananchi hawakuwa wajinga. Mahali pengi waliitumia lugha ile ile ya mila kumbana mtawala. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, watu wapatao 3,000 wakipoteza makazi ili ardhi ipewe walowezi, hawakumpigia kelele Mwingereza peke yake. Walimhoji pia mangi (chifu) wao, Sante, kwa kushindwa kuilinda ardhi ya ukoo, mpaka akapoteza kiti. Chama cha Raia wa Meru kilimpeleka Kirilo Japhet mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Kwao mila ilikuwa kipimo cha kumhukumia mangi na Serikali kwa pamoja. Usiache upande huo.

Tuamoyo (mtoa mada)

Ndugu Msomi wa Kando, hoja yako ni ya haki, na mfano wa Meru ni mzuri kuliko yote niliyokuwa nayo. Ningeuweka karibu na mfano wa Kilimanjaro, kwa kuwa huko jambo hili lilikwenda mbali zaidi.

Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kichaga walianzisha chama chao, wakiongozwa na Joseph Merinyo, ili kujilinda dhidi ya walowezi waliotaka Waafrika wapigwe marufuku kulima zao hilo. Chama hicho kilikuwa huru, na uhuru huo ndio uliowatia hofu machifu na maofisa pia, maana kilikuwa na fedha, ofisi na wanachama wasiopitia kwa mangi. Katika miaka michache kilidhoofishwa, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU kilichosajiliwa chini ya sheria mpya ya vyama vya ushirika, huku mamlaka ya wenyeji ikitoa amri ya kuwalazimisha wakulima wote kuuza kahawa kupitia humo. Mwaka 1937 wakulima waliandamana na kuvunja maghala. Hawakuukataa ushirika, kwani walikuwa nao kabla Serikali haijaupenda. Walikataa chifu kuugeuza kuwa tawi la ofisi yake.

Kilichofuata ni cha ajabu. Merinyo huyo huyo, akishirikiana na Petro Njau, aliunda baada ya vita umoja wa raia wa Kichaga uliodai pawe na Mangi Mkuu mmoja achaguliwe na watu, badala ya machifu waliogawana mlima. Thomas Marealle alishinda uchaguzi na kutawazwa kwa shangwe mwaka 1952. Alikuwa msomi na msemaji hodari, na kwa miaka michache Uchaga ulikuwa na bendera yake na siku yake ya sherehe. Lakini ilipofika mwaka 1960, Wachaga hao hao walipiga kura na kuchagua mkuu wa baraza asiyekuwa mangi, na nafasi hiyo ikashikwa na Solomon Eliufoo wa TANU. Kwa hiyo ndani ya miaka minane watu walitengeneza cheo cha juu kabisa cha kimila ambacho hakikuwahi kuwepo katika historia yao, kisha wakakiondoa kwa sanduku la kura. Ninachosema ni kwamba waliona wazi kuwa uchifu ni chombo, na chombo kinaweza kubadilishwa.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba kufutwa kwa machifu kulikuwa uamuzi wa ghafla wa mtu mmoja. Waingereza wenyewe walikwisha kuanza kukivunja walichokijenga. Mwaka 1953 zilitungwa sheria mbili, moja ya serikali za mitaa na nyingine ya machifu wa Kiafrika, ili mabaraza ya wilaya yachukue kazi nyingi za machifu. Shule ya serikali za mitaa ilifunguliwa Mzumbe mwaka huo huo. Gavana Edward Twining alijaribu kurudi nyuma baadaye. Mwaka 1954 alilileta fuvu la Mkwawa Kalenga na kumkabidhi mjukuu wake, Adam Sapi, chifu wa Wahehe, na mwaka 1957 akawakusanya machifu wa nchi nzima Mzumbe akitumaini watakuwa ukuta dhidi ya TANU. Ukuta haukusimama. Usukuma, ambako TANU ilizuiwa tangu 1954, ndiko watu wa Geita walikokataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi mwaka 1958 na kutembea kwa maelfu hadi Mwanza kumkabili mkuu wa jimbo. Machifu wenye macho waliona upepo unavuma kuelekea wapi.

Mwana wa Vuga

Swali moja kwa mtoa mada kabla uzi haujazama: kama cheo kilifutwa, zile kazi zake zilikwenda wapi? Maana mimi nimekulia kijijini na sikumbuki wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kututoza faini kwa kutolima mihogo.

Tuamoyo (mtoa mada)

Zilitawanywa, mkuu. Uhakimu ndio uliopata tiba ya kweli: sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1963 iliziunganisha mahakama za wenyeji na mfumo mkuu, ndipo tukapata Mahakama ya Mwanzo yenye hakimu anayewajibika kwa Mahakama Kuu badala ya Bwana Shauri. Mnyororo nilioueleza mwanzoni ulikatika hapo, na kwangu hilo ni kubwa kuliko kufutwa kwa cheo chenyewe. Uwezo wa kutunga sheria ndogo ulikwenda kwenye halmashauri za wilaya, na nyingi kati ya sheria ndogo za kilimo cha lazima zilizotungwa miaka ya 1960 na 1970 zinafanana mno na amri za mamlaka za wenyeji. Kodi ya kichwa ilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na haikuondoka hadi mwaka 2003. Mkuu wa wilaya alibaki katika jengo lile lile.

Msomi wa Kando

Nami niongeze kwamba watu wenyewe hawakutupwa. Bunge lilipopitisha sheria ya kufuta cheo cha chifu mwaka 1963, aliyekuwa Spika ni Adam Sapi Mkwawa, yule yule aliyekabidhiwa fuvu la babu yake na Twining miaka tisa kabla. Alikikalia kiti cha Spika kwa miaka mingi sana baadaye, hadi mwaka 1994, ukiondoa kipindi kifupi katikati ya miaka ya 1970. Fundikira, kwa upande wake, alijiuzulu uwaziri mwaka huo wa 1963, na ugomvi wake na wenzake ulihusu mpango wa chama kimoja, si kiti cha Unyanyembe.